Kwata Mbele ya Daktari

Baba yangu alikuwa mkufunzi wa mgambo Nachingwea, na hata alipostaafu na kurudi shambani kwake Chiola aliendelea kutuamrisha. Miguu yake ilipoanza kugoma aliikasirikia kama kuruta wavivu. Anasimama mlangoni, anataka kuvuka kizingiti, mguu haunyanyuki. Akawa anasahau, akawa anajikojolea, na hilo la mwisho tulilisema kwa kunong'ona. Majirani walisema ni uzee. Mimi ni mbishi kama yeye, nikamchukua kwangu Ruangwa ninakofanya kazi, kisha tukapanda basi la Dar es Salaam.

Picha ya kichwa ilionyesha maji. Daktari alitueleza kwamba kila mtu anayo, yanatengenezwa na kuondoka kila siku, ila kwa baba huenda njia ya kuondokea ilikuwa nzito. Wakamlaza ubavu, wakamchoma sindano mgongoni, wakaingiza maji ya chumvi taratibu huku mashine ikionyesha mgandamizo unavyopanda. Jibu likaja la katikati: njia nzito, lakini si kiasi cha mtu kuapa. Kikabaki kipimo cha kesho yake. Baba atembee, apunguzwe maji, kisha atembee tena. Akipata nafuu, watamwekea mrija wa kuyashusha maji tumboni. Asipobadilika, hawatagusa kichwa cha mzee bure.

Baba alisikia neno kipimo tu. Asubuhi ile alinyoa ndevu, akachomekea shati.

"Haya mzee, tembea mpaka kwenye ule mlango," daktari akasema.

Baba alikaza shingo, midomo ikawa inachezacheza, nikadhani anasoma dua. Akaenda bila kuburuza mguu. Nilifurahi, na furaha ile ndiyo inayoniuma hadi leo. Baada ya kutolewa maji alitembea vizuri vilevile. Nilimwambia daktari kwamba nyumbani hatembei hivi, akanijibu kwa upole kwamba anaamua kwa alichopima, na alichopima hakikuonyesha tofauti. Kwenye korido baba akaniambia, "Si unaona? Nimepita."

Basi lilitushusha stendi ya Ruangwa. Baba akabeba begi lake mwenyewe, akavuka mtaro, huku ananisimulia habari za mikorosho. Midomo haikuwa na kazi nyingine ila hayo masimulizi. Nikamuuliza kule hospitali alikuwa anasema nini.

"Kwata, mwanangu. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Ile ya kwanza, bila kuhesabu nisingefika mlangoni. Ya pili hata sikuhitaji."

"Mbona hukumwambia daktari, baba?"

"Mtu anamwambia msimamizi wa mtihani kwamba ameibia?"

Nilimpigia daktari palepale stendi. Akasema nimrudishe, wampime upya. Nilimsihi baba, nikamgombeza, nikamtuma hadi shangazi. Wapi. "Nimeshapita," alisema, "nirudie wa nini? Unataka wanifelishe?" Kwa siku chache tulimpata tena yule baba wa zamani. Alirudi shambani Chiola, alipalilia, alimtania shangazi, aliniuliza habari za kazini na kukumbuka majibu yangu. Kisha maji yakajaa tena kimyakimya na miguu ikaganda. Alipokubali kurudi hospitali, kifua kilikuwa kimeharibika, na daktari akasema hawezi tena kumfanyia upasuaji.

Namkasirikia bado. Nampenda, na namkasirikia. Kila wikiendi nakwenda kukaa naye Chiola, barazani, na ninajilaumu hata pale nisipokuwa na kosa, maana sioni wa kumlaumu mwingine isipokuwa yeye.

Jana mvua ilianza tukiwa nje. Nilimnyanyua, nikamshika mkono, nikamwamrisha kwa sauti yake mwenyewe, "Mbele tembea! Kushoto, kulia!" Hakusogea. Mvua ilikuwa inatulowesha. Akanitazama kwa adabu, kana kwamba mimi ni mgeni kwake, akauliza mguu wa kushoto ni upi.