Mnadi wa Vidole Vinane

Soko zima lilimwita Tarumbeta. Alinadi makoti ya mitumba akiwa amesimama juu ya meza, na sauti yake iliwafikia wauza viatu upande wa pili wa barabara. Habari hizi nimezipata kwake mwenyewe, kwa dada yake aliyekuwa akimkunjulia nguo, na kwa daktari wa kike aliyemtibu. Palipotokea tofauti nimefuata kauli ya dada, kwa kuwa ndugu yake, kwa kazi yake, hakuweza kusimulia jambo bila kulitia chumvi.

Alizaliwa mdogo wa umbo, mwenye mabaka ya rangi ya chai mgongoni na vidole gumba mfano wa punje za mahindi, visivyokunjika. Majirani walidai kuwa mama yake alimcheka kilema wakati wa ujauzito. Mama akaenda kaburini na fedheha hiyo. Kaka mkubwa wa familia alikwisha kufa utotoni kwa kupungukiwa damu, na hakuna aliyeyahusisha mambo hayo mawili.

Kelele zilipozidi sokoni, Tarumbeta alitaja hesabu kwa mkono. Nne ilikuwa vidole vinne vilivyotulia. Tano ilikuwa vilevile vinne, ila kiganja kikitikiswa kidogo. Wateja wake waliijua hesabu hiyo kama wanavyojua njia ya kwenda kwao.

Alikuwa na miaka thelathini na michache kidonda kilipomtokea ubavuni mwa ulimi. Wauza viatu hawakumhurumia.

"Ulimi umechoka kusifia makoti yenye matundu!" mmoja alimpigia kelele.

"Matundu ni ya kupitisha hewa," alijibu. "Viatu vyako je, vinavyocheka kabla ya mteja?"

Kidonda hakikupona. Hospitalini walikata kipande kidogo wakakipima: saratani. Uliandaliwa mpango wa kawaida, yaani kuondoa sehemu ndogo ya ulimi, kisha kumalizia kwa mionzi na dawa kali. Kwa njia hiyo angebaki na karibu ulimi wote, na mnadi alishika tumaini hilo kwa mikono miwili.

Daktari, hata hivyo, hakutulia. Saratani ya kinywa aliizoea kwa wazee wavutaji na wanywaji.

"Unavuta sigara? Ugoro? Pombe?"

"Huyu?" dada alidakia. "Hata moshi wa jiko anaukimbia, daktari. Akinusa pombe anapiga chafya."

"Kidonda kina miezi mingapi?"

Kuongea kulimuuma siku hiyo, hivyo akainua mkono na kuutikisa.

"Minne," alisema daktari, akaanza kuandika.

"Mitano," alisema dada.

"Dada yangu, nimeona vidole vinne," daktari alimwambia.

"Umeona vinne vinavyotikisika. Hiyo ni tano. Sokoni hata mtoto anajua."

Daktari aliweka kalamu chini, akauomba mkono ule. Aliutazama kwa muda, akaomba na wa pili. Kisha akamtaka avue shati, akayaona mabaka. Akauliza kama kuna mtu katika familia aliyewahi kupungukiwa damu. Dada akamtaja kaka yao, na sauti yake, kwa maelezo ya daktari, ilikuwa ya mtu anayeona mlango ukifunguka katika ukuta aliouzoea.

Mpango wa mionzi ukasimamishwa. Damu ya mnadi ilipelekwa maabara, ikatiwa kemikali inayokatakata nyuzi za urithi, na chembe zake zikashindwa kuziunga. Jibu liliporudi, daktari aliwaketisha wote wawili.

"Ndani ya kila mtu, maandishi ya urithi hukatika kila siku, na wapo mafundi wa kuyaunga. Kwako, fundi mmoja hajawahi kufika kazini tangu ulipokuwa tumboni. Ndiyo maana saratani imekupata mapema bila sigara. Na mionzi huua saratani kwa kukatakata. Mwili wa mwingine ungejiunga baadaye. Wako hautajiunga. Mionzi ingeweza kukuua kabla ya saratani, na zile dawa hali kadhalika."

"Kwa hiyo mimi ni bidhaa yenye kasoro ya kiwandani," alisema mnadi.

"Na dukani hatukurudishi," dada alisema.

Daktari alieleza kuwa nakala moja mbovu ya maelekezo ya kumtengeneza fundi huyo ilitoka kwa baba na ya pili kwa mama, na kwamba wote wawili walikuwa wazima wasiojua lolote. Hapo dada, aliyekuwa akitania, akalia. "Mama hakumcheka mtu," alisema. "Kumbe hakumcheka mtu." Yeye mwenyewe alipopimwa alikutwa na nakala moja nzima, na hiyo ilimtosha kuwa na fundi wake.

Ilibaki njia moja, kisu peke yake. Kwa kuwa hakuna mionzi ya kufagia masalia, ilibidi kukata kwa upana zaidi.

"Daktari, ulimi ndio jembe langu."

"Najua. Nitakuachia kila nitakachoweza. Sitakuahidi sauti ile ya zamani."

Mnadi akasema, "Kata. Maiti hainadi."

Mtu huyu namstahi kwa kilichofuata kuliko kwa ushujaa wa siku ile. Miezi mingi alikaa mbele ya kioo chumbani, akifundisha kipande cha ulimi kilichobaki kutamka "rangi" na "laini," huku mate yakimtoka na dada akimfuta. Kila baada ya majuma machache hurudi kwa daktari kukaguliwa kinywa chote, kwa sababu kasoro ile haikuondoka na kisu. Imo katika kila chembe yake, na kidonda kingine kikitokea ni lazima kiwahiwe kingali kidogo.

Siku aliyorejea sokoni alipanda juu ya meza na koti la sufu. Sauti ilitoka nzito, maneno yakiburutana. Watu wakatazamana.

"Hatukusikii, Tarumbeta!" mteja mmoja alipiga kelele. "Rudia!"

"Nitarudia mpaka ununue."

Kicheko kikapita. Sasa aliyetaka kumsikia ilibidi asogee. Wakasogea. Akarudia bei, neno kwa neno, bila haraka, na yule mteja akanyoosha mkono kulipokea koti.