Wiki Tano Ambazo Hakwenda Kiwandani

Mwanamke ninayemwona hapa Guangzhou hayupo Guangzhou. Namwona asubuhi kwenye lifti ya jengo la maduka la Tianxiu, amesimama nyuma ya wanunuzi wenye mabegi, amevaa koti jepesi la kazi na kalamu mfukoni kifuani. Namwona ndani ya treni ya chini ya ardhi milango inapofungwa. Mara nyingine ni sauti tu. Wajerumani wawili wanabishana hotelini kwa lugha yao, na katikati ya sauti zao nasikia ya tatu, ya kike, yenye lafudhi ya Temeke. Nikigeuka, naona wale wawili na vikombe vyao.

Si mzimu wa marehemu. Binti wa kaka yangu yu hai, yuko Dar es Salaam, anauza pampu za maji katika duka la mtu mwingine. Ninayemwona ni yule ambaye angekuwa. Anakua kama watu wengine. Alipoanza kunitokea alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili. Sasa ni mtu mzima, amejaa kidogo mabegani, na kila mara ana haraka ya mtu anayesubiriwa kazini. Hajawahi kuniangalia.

Kaka alipofariki binti alikuwa darasa la nne. Nikamchukua. Mimi niliishia kidato cha nne, nikaingia biashara, na biashara ikanileta huku. Yeye alikuja huku kwa akili yake mwenyewe. Alipata ufadhili wa kusoma uhandisi wa mitambo, shahada iliyoendeshwa kwa pamoja na chuo kimoja cha hapa na kimoja cha Ujerumani. Hesabu walifundishwa kwa Kichina, michoro na vipimo kwa Kijerumani. Walikaa hapa mpaka mwaka wa mwisho, ambao ulikuwa wa kwenda Ujerumani, kisha mtu anatoka na vyeti viwili. Huo mwaka wa Ujerumani ndio aliokuwa anautafuta. Alikuwa na picha ya karakana ya chuo cha kule kwenye simu yake, wala si picha ya mji au theluji, bali ya mashine zilizopangwa mstari.

Kila Jumapili alikuja kwangu kupika. Alisonga ugali huku kitabu kimeegemezwa kwenye chupa ya mafuta.

"Mama, lugha zote hizo, unaota kwa ipi?" nilimuuliza siku moja.

"Bamdogo, mimi siku hizi naota mitihani tu. Ile haina lugha."

Nilimtangaza kila duka. Mzanzibari mmoja aliyekuwa jirani yangu ghorofani, muuza vitambaa, akanijibu, "Anasoma vyuo viwili kwa mpigo? Basi na mahari iwe mbili, mzee. Usije ukatuuzia kwa bei ya kimoja." Nilicheka sana. Nilijiona kama nimesoma mimi.

Kabla ya kuruhusiwa kwenda Ujerumani, kila mwanafunzi alitakiwa kukaa kiwandani wiki nane za likizo ya kiangazi. Sisi nyumbani tunaita fildi. Walipewa daftari. Kila wiki mwanafunzi anaandika alichofanya kwa mikono yake, ukurasa mmoja kwa Kichina, wa pili kwa Kijerumani, na fundi mkuu anasoma, anatia sahihi, kiwanda kinagonga muhuri. Nafasi nilimtafutia mimi. Nilikuwa nanunua vitasa na bawaba kwa laoban mmoja, ndivyo tunavyowaita matajiri wa viwanda, upande wa Huangpu kabla ya kufika bandarini. Alimpokea pamoja na mwenzake mmoja wa darasani, kijana wa Kichina.

Wiki tatu za kwanza alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona. Alirudi akinuka mafuta ya mashine, kucha nyeusi, akanieleza namna chuma kinavyolia kwenye mashine ya kukereza kisu kikishakuwa butu. Nilimsikiliza nusu nusu. Ilikuwa msimu wa kupakia mizigo ya mwisho wa mwaka, na mkalimani wangu alikuwa amerudi kwao Lubumbashi. Kichina changu ni cha bei na cha kukataliwa. Naweza kusema ghali, naweza kusikia mei you, hakuna. Karatasi siwezi.

Nikamwambia asiende kiwandani kesho yake, anifuate soko la nguo la Zhanqian, anitafsirie. Kesho ikawa wiki. Wiki zikawa tano. Alinikumbusha kila Jumatatu. "Bamdogo, leo nirudi?" Nami kila Jumatatu nilikuwa na jibu.

Hapa lazima nieleze jambo, si kwa kujitetea. Katika biashara yetu huku, muhuri mwekundu ndio ukweli. Sahihi haina uzito, mtu anaweza kuukana mkono wake. Muhuri haukanwi. Mzigo wenye muhuri unaondoka, usio na muhuri unalala. Niliishi na sheria hiyo muda mrefu mpaka nikaacha kuuliza karatasi yenyewe inasema nini. Nilipoona daftari lake lina kurasa tupu, nilichoona ni karatasi iliyokosa muhuri. Sikuona zaidi ya hapo.

"Andika kama ulivyoandika wiki ya pili," nilimwambia. "Geuza geuza maneno."

"Sikuwepo."

"Nani atajua?"

"Mimi."

Alikaa siku mbili bila kuligusa. Siku ya tatu nikamtajia baba yake. Nikamwambia kaka aliniachia mtoto msikivu, sijui huyu mbishi katoka wapi. Nilijua neno hilo litafanya kazi gani. Akakaa mezani akaandika wiki tano, kwa lugha mbili, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Tulikwenda pamoja kwa laoban. Akamimina chai, akafungua kopo la wino, akaanza kugonga. Alifunua kurasa kwa kidole gumba bila kuzisoma, tako, tako, tako, huku ananiuliza nitachukua bawaba za saizi gani safari ijayo. Binti alisimama mlangoni akiangalia ndani ya karakana. Njiani akasema, "Fundi mkuu hakuwepo. Ndiye aliyetakiwa kusoma."

"Muhuri ni wa fundi au wa kiwanda?"

"Wa kiwanda."

"Basi."

Muhula ulipoanza, wanafunzi waliitwa mmoja mmoja kulieleza daftari mbele ya walimu wawili. Mmoja alikuwa Mjerumani, mzee wa makamo yangu aliyekuja kila muhula kufundisha, na mwingine Mchina aliyesimamia masomo hayo upande wa hapa. Daftari la binti lilisema wiki ya sita alikuwa kwenye mashine ya kukereza. Daftari la mwenzake, lenye muhuri uleule, lilisema wiki ya sita mashine ile ilikuwa imekufa, injini imepelekwa kutengenezwa, na yeye alishinda anapiga tupa kwa mkono. Laoban aligonga yote mawili.

Mjerumani akamuuliza kama alifanya kazi ile. Angeweza kusema alikosea wiki. Akasema hapana, sikufanya.

Yote haya alinieleza Jumanne mchana, kwenye mgahawa wa tambi za kondoo pale Xiaobei. Hakulia. Alisema kesho saa nne asubuhi watakaa kuamua kama anaenda Ujerumani au jina lake linafutwa. Wamemruhusu kuja na mtu mzima anayejua kilichotokea.

"Njoo uwaambie, Bamdogo. Waambie ulinihitaji. Hawatakufanya kitu wewe."

"Nitakuja."

"Saa nne."

"Mwanangu, nimesema nitakuja."

Jumatano saa mbili wakala wangu wa bandarini akanipigia kwamba kontena langu limefunguliwa na forodha Huangpu, wanalikagua. Nikamwambia naja. Akanijibu, na maneno yake ninayo mpaka leo, "Mzee, huku huna la kufanya. Wakimaliza wanafunga. Baki tu." Nikaenda. Nilisimama juani nje ya geti kwa muda wa saa tatu nzima, nikiangalia malori. Hakuna aliyeniuliza kitu. Simu niliizima saa nne kasoro.

Sikuwa nimekwama. Niliona haya. Kusimama mbele ya Mzungu na Mchina wenye digrii zao, mimi wa kidato cha nne, nikakiri kwamba nilimfundisha mtoto kudanganya, hilo lilinishinda. Nikatafuta kontena la kujificha nyuma yake.

Alipokuja jioni nikamwambia nilikuwa forodha, mzigo wote ulikuwa unataifishwa, bila mimi ungepotea. Akasema, "Pole, Bamdogo." Kisha akaniambia wamemfuta. Ufadhili ulikuwa wa shahada zote mbili kwa pamoja, hauwezi kulipa nusu. Baada ya wiki tatu nikampeleka uwanja wa ndege. Alinishika mkono, akaniaga kwa adabu zote.

Miaka kama kumi imepita. Adabu hiyo hajaipunguza. Sikukuu ananipigia, ananiuliza presha, hajawahi kulitaja daftari. Ndiyo maana, nadhani, yule mwingine akaja. Mtu akikulaumu, walau mko wawili. Asiyekulaumu anakuachia nafasi tupu, nayo hujazwa.

Mwaka jana nilimwona kwa karibu kuliko siku zote. Alikuwa ameketi kiti cha mbele yangu kwenye treni, ana mchoro mkubwa magotini, anaufuata mstari kwa ncha ya kalamu. Nilihesabu vituo sita. Sikushuka kituoni kwangu. Niliteremka nilikoweza, nikauliza njia, nikaenda mpaka chuoni.

Yule mwalimu Mchina bado yupo, nywele zimekuwa nyeupe. Tulizungumza kwa Kichina changu cha sokoni na Kiingereza chake cha vitabuni. Nilipomwambia mimi ni nani, akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Tulikungoja mpaka saa sita," alisema. "Mzee mwenzangu wa Ujerumani alikataa kwenda kula. Alisema huyu msichana amesema kweli alipoulizwa, kwa hiyo kuna mtu nyuma yake, tumsikie."

"Ningekuja ingekuwaje?"

"Angerudia kiwanda wiki nane. Angekwenda mwaka unaofuata."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Tulimuuliza ni nani alimwambia aandike. Akasema, yuko njiani. Tukamuuliza tena mwisho, akasema, basi, niliandika mimi."

Nikamuuliza kama sasa hivi kuna mlango wowote. Akasema masomo yapo, anaweza kuomba upya kama mtu yeyote, na kwamba kama nitaandika maelezo yangu atayaweka kwenye faili. Akanichapia fomu.

Nilimpigia siku iliyofuata, saa ya chakula cha mchana kule.

"Shikamoo Bamdogo. Kwema? Mbona si sikukuu?"

Nikamweleza nimetoka chuoni, nina fomu, mwalimu anamkumbuka. Nilisema haraka haraka kama mtu anayepatana bei.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nimejituma."

"Umeenda kuniombea shule bila kuniuliza." Hakupandisha sauti. Nyuma yake mteja alikuwa anauliza bei ya pampu ndogo. "Bamdogo, mimi nina miaka thelathini na mbili, nina watoto wawili. Kijerumani chote kimeniisha. Mwanzoni nilikuwa najisemea mwenyewe bafuni, kisipotee. Kisha nikaacha. Sitaki fomu."

"Unataka nini, mama?"

"Sasa hivi? Sitaki kitu. Nilichokitaka kilikuwa Jumatano ile. Na Jumatano ile hukuwa na namna, ulikuwa na kontena. Nilishalimaliza hilo. Nawaambia watu hivyo hivyo, baba yangu mdogo alikwama bandarini."

Ningeweza kunyamaza. Alikuwa amenijengea udhuru, akaishi nao, akanipigia simu kila sikukuu kwa sababu ya udhuru huo. Nilijua nikiuondoa sitakuwa na kingine.

Nikamwambia. Nikamwambia wakala alisema nibaki. Nikamwambia nilizima simu mwenyewe, nilisimama juani getini, mzigo haukuwa na tatizo lolote na ulifungwa saa saba. Nikamwambia niliona haya.

Nilisikia mteja anauliza tena. Nilisikia binti anamwambia, "Ngoja kidogo, kaka."

"Kumbe," akasema.

Nikaikunja fomu.

"Kwa hiyo nilipowaambia yuko njiani," akasema, na hakuimaliza. Alipozungumza tena ilikuwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, haina adabu wala haina ukali, sauti ya mtu anayesoma kipimo. "Saa nne kasoro ngapi?"

"Kasoro dakika kumi."

"Mimi nilikupigia kasoro tano."

"Ndiyo."

"Nilidhani ni mtandao wa bandarini." Akavuta pumzi. "Nina mteja, Bamdogo. Nikuulize kitu kimoja. Wale walimu, uliwaambia hivyo? Au na wao uliwaambia kontena?"

Nikamwambia kweli, kwamba niliyemkuta ni yule Mchina peke yake, na yeye pia nilimwambia kontena. Siku moja tu kabla, nikiwa nimekaa mbele yake, miwani yake mkononi, nilisema nilikuwa nimekwama forodha.

"Basi rudi kwanza huko," akasema. "Usiandike. Nenda kwa miguu yako, useme kwa mdomo."

Kesho yake nilikuwa mlangoni pa ofisi ya yule mwalimu saa tatu na nusu, kabla hajafika.