Pumzi ndani ya Kisanduku

Siku Munezero alipomwona Mama Nabintu kwa mara ya kwanza, alidhani amekuta maiti. Alikuwa ameitwa Himbi, mtaa wa Goma, kutengeneza kitanda. Mlango ulikuwa wazi, akaingia na msumeno wake, akamkuta mama mnene ameegemea mito mchana kweupe, pua imefunikwa na plastiki, na bomba limetoka hapo hadi kwenye mashine ndogo inayovuma kando yake. Munezero akarudi kinyumenyume, msumeno ukamponyoka.

Mama akafumbua macho. "Papa, unakimbia wapi? Sijafa. Nalala tu."

Munezero alikuwa fundi seremala wa Munigi, nje ya mji, mtu wa maneno machache hata kwa mke wake. Mama Nabintu alikuwa mjane wa kutoka Bukavu, muuza vitenge, mwenye kicheko cha kufika barabarani. Ugonjwa wake ulikuwa huu: akisinzia tu, koo linajifunga na pumzi inakatika. Mashine ndiyo iliyomsukumia hewa. Umeme ukikatika, alikaa macho na rozari mkononi mpaka urudi.

Kisha binti yake wa pekee, Angèle, akawa karibu kuweka nadhiri za usista Kinshasa. Mama alitaka kupitia Bukavu kumwona dada yake mgonjwa, halafu apande ndege huko. Munezero naye alikuwa na kazi ya milango katika nyumba ya huyo dada, basi wakasafiri pamoja. Alimtengenezea mashine kisanduku cha mbao chenye sponji ndani. Mama akachagua meli ya usiku ya kuvuka ziwa kwa sababu ina vyumba na umeme.

Bandarini mpakizi mmoja alikipindua kisanduku juu chini akakitia begani. Munezero aliona, akafungua mdomo, akaufunga. Walipofika chumbani, mbao zilikuwa zinadondosha maji.

"Mama, daktari hakusema kile kikopo cha maji ya kulainisha hewa kimwagwe mbele ya safari?"

"Alisema. Lakini Padri alikibariki leo asubuhi. Maji ya baraka nimwage wapi, papa? Kwenye bandari, watu wakanyage?"

Munezero akakifungua kisanduku. Maji yalikuwa yameingia kwenye mota. Kuiwasha hivyo kungekuwa kuiunguza. Mama aliketi kitandani akaishika mashine mapajani kama mtoto mwenye homa, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

"Basi nisilale," akasema. "Wewe utasema, mimi nitasikiliza."

"Niseme nini, mama?"

"Chochote. Ukinyamaza, nitasinzia."

Waliketi nje kwenye benchi, upepo wa ziwa ukiwapiga. Munezero akaanza na mbao, kwa kuwa ndizo alizozijua: mukaratusi unaojipinda ukikatwa mbichi, gundi isiyoshika wakati wa mvua. Akaeleza kitanda cha harusi yake, kilichovunjika wiki ya kwanza. Mama akaguna. Akaeleza jiwe la volkano alilojengea jiko. Maneno yakamkauka. Alipogeuka, kichwa cha mama kilikuwa kimeanguka kifuani. Alikoroma mara moja, kisha kimya. Kifua hakikupanda.

Munezero alinyoosha mkono, akaurudisha. Hakuwahi kumgusa mama wa watu. Akachomoa mfukoni mita yake ya kupimia mbao, akaikunjua, akamdunga nayo begani kwa nguvu.

Mama akavuta pumzi kama mtu aliyetoka majini. Aliitazama mita, akamtazama fundi.

"Wewe! Umeshaanza kunipima sanduku la kuzikia?"

"Samahani, mama."

"Usiombe samahani. Dunga tena nikinyamaza."

Alimdunga mpaka taa za Bukavu zilipoonekana.

Kwa dada yake waliianika mashine juani. Iliwaka, lakini ilikuwa na mlio mpya, kama mtu anayekohoa mbali. Mama aliitumia akiwa na hofu, na Munezero, aliyelala sebuleni, alikuwa akitega sikio.

Kwenye uwanja wa ndege wa Kavumu alimbebea kisanduku hadi pa mwisho pa wasindikizaji. Mfanyakazi mmoja akakinyakua ili akitupe pamoja na masanduku mengine.

"Wacha!" Sauti ilimtoka Munezero hata yeye mwenyewe akashtuka. Watu waligeuka. "Hiyo si mizigo. Ni pumzi ya mutu! Anaingia nayo, anaishika mwenyewe, na musiipindue!"

Mfanyakazi akamtazama, akamrudishia mama kisanduku chake.

Mama alifika Kinshasa. Nadhiri za Angèle alizishuhudia. Lakini baadaye uwanja wa Goma ukafungwa kwa vita, njia zikawa ngumu, naye akabaki kwa binti yake. Nyumba ya Himbi ina mlinzi, na Munezero huenda kuangalia milango. Kumpigia simu hajathubutu. Anachokumbuka ni mama akiwa amekumbatia kisanduku kwenye mlango wa abiria, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akigeuka kumwambia:

"Kumbe sauti unayo, papa. Usiku ule bandarini uliificha wapi?"