Chakula cha Mifupa

Jirani yangu amefariki dunia. Tulimzika Jumatano ya wiki iliyopita hapa Ifakara, kaburi likiwa limeingia maji kabla hata jeneza halijafika, maana mvua za mwaka huu hazina adabu. Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba siandiki nikiwa na hasira. Huwa nangoja siku mbili tatu, nanywa chai yangu, mpaka moyo utulie. Safari hii nimengoja wiki nzima na moyo umegoma kutulia. Sitamtaja marehemu kwa jina, kwa sababu watoto wake wameniomba hivyo, na yule aliyemuuzia kifo ndani ya kopo sitamtaja kwa sababu jina lake silijui. Hakuna anayelijua. Sote tulimwita dokta, na hakuna aliyewahi kumuuliza udokta wake ameupatia wapi.

Marehemu alikuwa mkulima wa mpunga, na kiangazi alisuka mikeka. Wanaolijua bonde letu wanajua kwamba ikifika Januari mji huu hupwaya. Watu hufunga masufuria, kuku na mablanketi kwenye keria za baiskeli, wakahamia mashambani na kulala vibandani miezi mitano au sita, kwanza wakipalilia, kisha wakifukuza ndege mpaka mpunga uvunwe. Mjini tunabaki sisi wa maofisini, wagonjwa, na wazee wasiojiweza. Januari ya mwaka jana mama huyu alibaki. Magoti yalikuwa yamevimba na vidole vimekaza, hata kufunga kitenge asubuhi mpaka asaidiwe na binti yake. Nilimkuta barazani nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akaniitikia. "Habari usiniulize. Mwaka huu nimekuwa mtu wa mjini kama wewe." Alicheka, lakini aibu niliiona. Kwa mwanamke wa huku, kukaa mjini wakati wa kilimo ni kuambiwa mbele za watu kwamba umekwisha.

Alijitibu kama tunavyojitibu wote. Alifungia magoti majani ya mbarika yaliyopashwa moto, akachanjwa chale, akapakwa mafuta yaliyosemekana ni ya simba, ambayo mimi hadi leo naamini yalikuwa ya mbuzi. Hayo sikuchukizwa nayo. Majani ya moto humpa mtu nafuu ya usiku mmoja, na mafuta ya mbuzi hayajaua goti la mtu. Alikwenda pia hospitali, na daktari akamwambia ukweli: ugonjwa huu wa viungo hauondoki, unatulizwa, ameze vidonge vya maumivu akishakula, ajinyooshe kila asubuhi, asisimame muda mrefu kwenye maji baridi. Alirudi amenuna. "Nisisimame kwenye maji," aliniambia. "Sasa mpunga nikaupandie wapi, juu ya bati?"

Ndipo akaja yule bwana. Alikuwa akitembelea magulio yote ya bonde, amevaa koti jeupe, ana kipaza sauti cha betri na begi lililojaa vile vikopo vyeusi vya filamu za kamera. Ndani ya kila kikopo mlikuwa na unga wa kijivu. "Hii siyo dawa!" alikuwa akipiga kelele. "Dawa zina sumu, ndugu zangu! Hiki ni chakula cha mifupa, mizizi mitupu! Mama, mifupa yako ina njaa, ilishe!" Jirani yangu akanunua. Kijiko kidogo kila asubuhi. Siku ya nne alifunga kitenge mwenyewe. Haikufika mwisho wa mwezi, akapanda nyuma ya baiskeli ya mwanawe akaenda zake shambani, upande wa Idete, akiimba. Sitii chumvi. Nilisimama mlangoni nikampungia mkono, na machozi yalinilengalenga kwa furaha.

Aliporudi baada ya mavuno nusura nisimtambue. Uso ulikuwa umejaa, mashavu ya mviringo, shingo imenona. Nanyi mnaijua miaka hii ya ukimwi tuliyo nayo: mtu akikonda kidogo tu, majirani wanaanza kunong'ona na kuhesabu siku zake. Kwa hiyo sisi mtu mnene tunamshangilia. Tulimshangilia mama huyu mtaa mzima. "Dawa imemkubali," walisema wanawake kisimani. Yule bwana naye, mjanja kuliko sote, alimpandisha juu ya benchi siku ya gulio na kumgeuza huku na huku watu wamwone. "Semeni wenyewe, huyu ni mgonjwa?" Watu wakapiga vigelegele na vikopo vikaisha palepale. Na mimi, mwandishi wenu mwenye kujua kila kitu, nilifanya nini? Nilimwambia, "Mama, umenawiri mno," na Agosti, nilipokuwa na safari ya Mahenge nikamkuta bwana yule njiani, nikamnunulia jirani yangu vikopo viwili vya zawadi. Najichukia kuliandika hili, lakini ningewadanganya kama ningeliruka.

Mwaka huu mto ukafurika. Pantoni ya hapa Kivukoni, inayovusha watu kwenda Mahenge, ikasimama majuma kadhaa, na muuzaji wetu alikuwa amekwama ng'ambo pamoja na begi lake. Mama alikuwa shambani. Kikopo cha mwisho kikaisha. Siku chache baadaye magoti yakarudi kuwa kama zamani, na hayo angeyavumilia, lakini safari hii mwili mzima ulilegea. Alitapika, akawa hawezi hata kuketi, akazirai kibandani. Wanawe walimfunga kwa khanga mgongoni mwa mwendesha baiskeli wakamleta Ifakara njia nzima ya matope. Pale hospitali daktari alimuuliza swali linalostahili kuulizwa: "Mama, kuna dawa yoyote unayotumia?" Akajibu, kwa sauti iliyokuwa imebaki kidogo, "Situmii dawa yoyote." Binti yake alikuwepo, naye akathibitisha. Hawakusema uongo. Walikuwa wameambiwa kwa kipaza sauti, tena mara nyingi, kwamba kile ni chakula.

Siku ya pili daktari aliutazama tena ule uso wa mviringo na ngozi iliyokuwa nyembamba ya kuchubuka, akauliza upya: anakula nini? Binti akakimbia nyumbani kuleta kikopo kitupu. Daktari akaeleza kwamba ameshawaona wengine wa namna hiyo. Wauzaji wanasaga vidonge vikali vya kutuliza uvimbe, vile vinavyotolewa hospitali kwa vipimo na kuachishwa kidogo kidogo, wanavichanganya na unga wa mizizi. Mwili ukivizoea unasahau kujitengenezea nguvu zake wenyewe, na vikikatika ghafla unaanguka. Unono tulioushangilia ulikuwa ndio ugonjwa. Walijitahidi kumwokoa, lakini alfajiri ya siku ya tatu alikata roho.

Nimechukizwa na mtu yule kiasi kwamba nikisikia kipaza sauti sokoni nageuza njia. Anajua anachokisaga. Anajua pia kwa nini anakiita chakula: chakula hakiulizwi kibali, na mgonjwa hakitaji kwa daktari. Lakini sikumaliza kuchukizwa hapo. Matangani, nilipokwisha kumweleza kila mtu aliyetaka kusikia jinsi marehemu alivyokufa, alinijia bibi mmoja wa mtaa wa pili, anatembelea fimbo, vidole vimepinda. Akanivuta pembeni. "Mwanangu," akaninong'oneza, "hivi kile chakula cha marehemu, hakikubaki hata kidogo?"

Nilimkaripia. Nilimkaripia mwanamke wa umri wa mama yangu, matangani, mbele za watu, nikamuuliza kama hana masikio. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Nimesikia, baba," akasema. "Amekufa. Lakini mwaka mzima alikuwa anatembea. Wewe utanipa nini?"

Niliondoka matangani na swali lake. Mkienda hospitali, tajeni kila kitu kinachopita kinywani mwenu, hata kilichouzwa kwa jina la chakula. Hilo naliomba kwa kila msomaji. Ila kwetu sisi wenye magoti mazima, tunaopita tukiwaambia wanaoumia wavumilie, nina neno jingine. Kesho asubuhi nitakwenda kwa bibi yule kumwomba radhi, kisha nimkokote mpaka kwa daktari, nikae naye kwenye foleni mpaka zamu yake ifike. Ni kitu kidogo hata naona aibu kukitaja, na jirani yangu alipokuwa hai, barazani, hatua kumi kutoka mlangoni kwangu, sikumfanyia.