Wankyo na Panya Waliojikunja

Saa moja asubuhi, Bweri, nje kidogo ya mji wa Musoma. Wankyo Nathanieli anasukuma mlango wa chumba cha panya na kelele zote zinakatika. Panya weupe wametulia vizimbani, wamejikunja, migongo juu, macho nusu wazi. Wanamwangalia tu, mpaka mgeni anatamani kutoka.

"Wananijuaga," anasema akivaa glovu. "Mimi ndiye mwenye sindano."

Kazi yake ni kuwaumiza. Tuseme tu ukweli. Sindano zake zinaharibu kongosho, kiungo kinachosaidia kusaga chakula, polepole kama ugonjwa unavyoliharibu kwa binadamu. Hapo ndipo watafiti wanapata pa kujaribia dawa. Panya akizidiwa, Wankyo humpa ya kutuliza maumivu.

Tatizo liko nyumbani, mtaa wa Kitaji. Kaka yake Masatu naye anaumwa kongosho. Maumivu yalimwanza mwaka jana, Wankyo akiwa tayari kazini. Jioni moja alimkuta kitandani amejikunja, mgongo juu, macho nusu wazi. Alipoingia, Masatu akanyamaza.

"Nywele zilinisimama! Nikaangalia mikono yangu kama nimeshika sindano," anasema Wankyo.

Mtaani wakasema Wankyo anafuga magonjwa na kuyaleta nyumbani. Masatu akaamini. Akagoma kula chochote kilichopita mikononi mwa mdogo wake, na nyumbani wako wawili tu. Jamani, mtu alibaki mifupa.

Mwezi uliopita Wankyo aliomba ruhusa kwa bosi wake, akamleta kaka yake hadi kwenye dirisha la chumba kile. Masatu akainama, ameshika tumbo. Ndani, panya wote wakajivuta upande wake, kizimba baada ya kizimba, wakatulia wanamtazama. Hawajawahi kumfanyia hivyo mtu mwingine, na mpaka leo hakuna aliyeweza kueleza.

"Hawa umewafanya wewe?" Masatu aliuliza.

"Ndiyo, kaka. Mimi."

"Na mimi?"

"Wewe hapana."

Masatu alimkazia macho. "Ungekuwa mwongo, ungekana hata hawa." Jioni ile alikunywa uji wa Wankyo, kikombe kizima.

Dawa inayojaribiwa sasa bado haijaonyesha kitu. Wankyo anafunga kizimba cha mwisho, panya wangali kimya.

"Siombi makubwa," anasema. "Niingie asubuhi moja nikute hata mmoja amekunjuka, anakimbiakimbia, hana habari na mimi. Siku hiyo bosi atanisamehe, maana wa kwanza kuambiwa atakuwa kaka, si yeye."