Kimya cha Wageni

Mimi wageni wa mapumziko siwapendi, nalisema mapema ili mtu asije akashangaa mbele ya safari. Nimewapikia miaka mingi katika ile nyumba ya wageni ya mlimani, na bado sijaona hata mmoja aliyechoka kwa kazi kama ninavyochoka mimi kwa kumpikia. Baridi ikikatika na miti ya bondeni ikaanza kuchipua, wanapanda na magari yao, wanashuka, wanatanua vifua na kusema, "Jamani, hewa!" Ndiyo, hewa. Mlitaka mkute nini?

Lakini ninayetaka kumsimulia ni Mzee Radi.

Jina hilo alipewa na wenzake wa machimboni. Alivunja mawe na kutega baruti kwenye mwamba ulio juu ya nyumba mpaka uzee ukamtoa kazini, na baruti ikamla masikio. La kulia lilikufa kabisa. La kushoto lilibaki na uhai kidogo, mradi uongee kama unamwita mtu ng'ambo ya mto. Naye alijibu vivyo hivyo. Akiniomba chumvi mezani, mbuzi wanashtuka nje. Nyumba yenyewe aliijenga yeye, kwa mawe aliyoyavunja mwenyewe, na mkewe alifia mle ndani. Mtoto wake wa kiume alihamia mjini, wa kike akaolewa na kubaki naye hapo hapo.

Mkwe ndiye aliyeigeuza nyumba kuwa ya wageni. Hilo simlaumu, mtu anatafuta riziki. Mambo yaliharibika alipokutana na mwanamke tuliyembandika jina la Mwalimu wa Pumzi. Kazi yake ni kufundisha watu kuvuta hewa. Nadhani huko mjini huwa wanasahau. Aliahidi kuleta kundi zima likae msimu wote wa kuchipua, vyumba vyote vijae, ila kwa sharti moja tu. Alitaka kimya. Watu wake wametoka kwenye makelele, alisema, na wamekuja kuusikiliza ukimya wa milima.

Mlima ule haujawahi kunyamaza tangu niujue, basi mkwe akaamua kuunyamazisha yeye. Jogoo alichinjwa, mchuzi wake nikaupika mimi. Mbuzi wakavuliwa kengele. Bawaba za milango zikatiwa mafuta, na gari la mkate likaamriwa lisipande mpaka mlangoni, lisimame chini kwenye kona. Sisi tukavalishwa soksi juu ya viatu kama wezi. Chini ya kila sufuria niweke kitambaa, na lolote la lazima lisemwe kwa mnong'ono, tangu asubuhi mpaka taa zizimwe.

"Na mafuta ya moto yakinirukia?" nilimuuliza.

"Lia taratibu, mama," alinijibu, wala hakuwa anatania.

Sasa utamnong'onezaje mtu asiyesikia mpaka umpigie kelele? Mkwe hakutaka kuliwaza hilo. Alimwambia mkewe, "Baba yako ni kazi yako," akaenda kukagua vitanda. Binti aliingia chumbani kwa baba yake, kile cha nyuma karibu na stoo, akamwekea kidole mdomoni. Mzee akaitikia kwa kichwa. Nadhani aliona kuna mgonjwa ndani ya nyumba, akatii bila kuuliza. Alikuwa mtu wa adabu pamoja na makelele yake yote. Halafu, kwa kuwa taarifa ya habari aliisikiliza kwa sauti ya kutetemesha vioo, mkwe alisubiri Mzee aende chooni, akaingia, akachomoa betri za redio na kuondoka nazo. Nilimwona. Nikajisemea, haya, angalau hakuivunja.

Wageni wakaja na mikeka yao. Walikaa uwanjani macho wamefumba, wanavuta, wanatoa, na mimi dirishani ninamenya viazi kwa ustaarabu ambao hata mama yangu mzazi sijawahi kumfanyia. Kila mmoja akipita jikoni ananipa tabasamu la kumsikitikia mtu.

Mzee alikuja jikoni kama kawaida yake, akakaa kwenye kigoda. Mimi na binti tulikuwa tunawasengenya wageni kwa mnong'ono. Yeye akawa anatutazama midomo, anageuza kichwa kwangu, anageuza kwake, anatazama tena. Baada ya siku chache akaacha kuja. Siku moja nilipita dirishani kwake na ndoo ya maganda, nikamwona ameipakata redio. Alizungusha kile kitufe mpaka mwisho, akaiweka kwenye sikio la kushoto, akasubiri. Akaitikisa, akaiweka tena. Kisha akaisukuma chini ya kitanda na kukaa, mikono imelala mapajani. Maganda yalikuwa yananuka, nikaenda kuyatupa.

Kilichomponza ni kikohozi. Vumbi la mawe halimtoki mtu kifuani kwa kuonyeshwa kidole. Mwalimu wa Pumzi alimfuata mkwe, akamwambia kwa upole ule wa watu waliozoea kutiiwa kwamba yule babu anawatoa watu wake kwenye pumzi zao, na kama hali ndiyo hiyo ataangalia mahali pengine.

Jioni ile mume na mke waligombana jikoni kwangu. Ugomvi wa kunong'ona usiombe kuuona, watu wanaishia kutemeana mate usoni tu.

"Aende kwa kaka yako mjini mpaka msimu uishe."

"Hii ni nyumba yake!"

"Nani kasema si yake? Aende apumzike."

"Apumzike na nini? Kule hajui mtu, anafungiwa ghorofani mchana kutwa. Baba akitoka hapa harudi, na wewe unajua."

"Basi muulize mwenyewe."

Mkwe hakungoja Mzee aulizwe. Alikwenda kuweka begi juu ya kitanda cha Mzee, akaonyesha kwa mkono bondeni, barabara ya mjini. Mzee alilitazama begi, akamtazama binti yake aliyesimama mlangoni, akaitikia kwa kichwa.

"Umeona?" mkwe alinong'ona. "Mwenyewe kakubali."

Binti alikuja kulia kwangu, kitambaa mdomoni asisikike. Lililomuuma zaidi ni kwamba baba yake hakubisha hata kidogo. "Amenikasirikia," aliniambia. "Wiki nzima hanisemeshi."

Asubuhi ya safari gari la mkate lilikuwa linasubiri kwenye kona. Ilibidi Mzee apite uwanjani, na uwanja umejaa watu mikekani, macho wamefumba. Mkwe alitangulia na begi. Binti akafuata, amemshika baba yake mkono. Mimi nilisimama mlangoni mwa jiko. Walipofika katikati, Mzee alisimama, akamgeukia mwanawe, akanong'ona. Sijawahi kumsikia Mzee Radi akinong'ona, na mnong'ono wake tuliusikia uwanja mzima.

"Usilie, mama. Hujanikosea. Ni masikio, yameisha. Mara ya mwisho kumsikia jogoo ni kabla wageni hawajaja. Redio nayo, hakuna kitu. Nawaona mnaongea na sipati hata neno. Mtu wa namna hiyo atawachosha, na wewe una mume. Acha niende."

Binti alimtazama mumewe, na mumewe akaangalia viatu vyake. Halafu binti yule, ambaye tangu wageni waje alikuwa anaongea kama anayepuliza chai, akafungua mdomo.

"Baba! Unasikia! Masikio yako mazima! Sisi ndio tunanong'ona! Jogoo tumemla, redio imetolewa betri! Yote kwa ajili ya hawa!"

Mlima ukairudisha ile sauti. Macho yote yakafumbuka. Mgeni mmoja alikumbatia mkeka wake kama unataka kuibiwa.

"Shusha sauti," mkwe alimkemea kwa meno yaliyobanana. "Unaniharibia!"

Mwalimu wa Pumzi alinyanyuka. "Samahani, sisi tulikubaliana kwamba..."

"Vuta hewa, mwalimu," nilimwambia kutoka mlangoni, kwa sauti yangu yote, na wala sijutii.

Mzee hakutuangalia. Alikuwa amelishika sikio lake la kushoto. "Nakusikia," alimwambia binti yake. "Sema tena. Nakusikia!" Akacheka, akalipapasa sikio, akacheka tena, nami nikadhani mambo yameisha, sasa begi litarudi ndani na mimi nitaweka chai.

Kisha kicheko kikakatika. Nilimwona anayapanga kichwani, moja moja. Alimtazama mkwe. Akawatazama wale waliokaa mikekani mbele ya nyumba yake. Akanitazama mimi, na mimi nikashindwa kumtazama. Mwisho akamtazama binti yake.

"Kumbe si masikio," alisema, sasa kwa sauti yake ile ya machimboni. "Ni nyinyi."

Alilichukua begi mikononi mwa mkwe na kuteremka nalo peke yake. Binti alimkimbilia na soksi zake juu ya viatu, anateleza kwenye majani, anaita. Mzee alikuwa ameshapanda mbele karibu na dereva na kufunga mlango. Binti aliugonga mlango kwa viganja, akaita baba, akaita tena, upande ule ule wa sikio la kushoto, kwa sauti iliyofika mpaka machimboni. Alikuwa anasikia. Uwanja mzima tulijua kwamba anasikia. Aliangalia mbele, akamwambia dereva awashe gari.