Mtoto ana kesi ya rushwa, mama yake tumwiteje? Shukrani zangu kwa Mama Dastani

Wakuu, mlionizidi umri shikamooni, ingawa sidhani kama humu mko wengi. Waliobaki wote marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Mimi ni bibi wa huku Masasi, upande wa Lulindi. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkiona herufi imekaa vibaya someni hivyo hivyo, mtanielewa. Simu hii nilinunuliwa niwe naangalia bei ya korosho. Nikawakuta nyie humu mnabishana kutwa kucha. Nimesoma weee bila kusema neno. Leo nasema.

Nilichokiona nitasema nimekiona. Nilichosikia nitasema nimesikia. Kwa umri huu uongo hauninenepeshi.

Kuna uzi mmeufungua kuhusu yule mwanasiasa wetu mwenye kesi ya rushwa ya uchaguzi. Nimeona mnavyomchana. Mchaneni, alilitafuta mwenyewe jukwaa. Lakini kuna mmoja wenu kaandika, "hata mama yake mwizi tu, tunda halianguki mbali na mti."

Hapo ndipo nilipovaa miwani.

Huyo mama namjua. Anaitwa Mama Dastani, kwa sababu Dastani ndiye mtoto wake wa kwanza, na Dastani ndiye huyo mheshimiwa mnayemchana. Ni Mmakonde wa Newala, aliolewa huku chini kwetu. Mimi ni Mmakua. Tuliletwa kijijini tukiwa wasichana, tukalima mashamba yanayopakana, tukaimba kanisani benchi moja. Waume zetu wamelala makaburi yanayotazamana.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa.

Dastani alipotaka ubunge, mikorosho ilikuwa inatoa maua. Kwa wasiojua mambo ya huku, mkorosho ukitoa maua lazima upuliziwe salfa, ule unga wa dawa. Usipopuliza, ugonjwa wa ubwiri unga unakula maua, na wewe mwaka huo unakula upepo.

Basi siku moja lori la salfa likashusha mifuko kwenye jiko la kanisa, pale tunapopikia wageni. Mimi nilikuwa napika maharage. Aliyekuja na lori akamwambia mtu wa kampeni, mbele yangu kabisa: "Hii imetoka kwa bosi wangu mnunuzi wa korosho, ila nyie semeni kaitoa Dastani. Na isiandikwe popote. Dastani akipita, na bosi mambo yake yatapita."

Watu wakimwona bibi ameshika mwiko, wanadhani na masikio kayatia kwenye sufuria.

Mfuko na mimi nilipewa, nikachukua, nikapuliza. Msiniulize kwa nini. Maua hayasubiri uchaguzi uishe.

Dastani akapita. Tukacheza ngoma, tukala pilau uani kwa mama yake mpaka kuku wa jirani wakavimbiwa.

Halafu ikaja habari kwamba watu wa kuzuia rushwa wamemfikisha mahakamani, kwamba fedha na mali za kampeni alizotangaza siyo alizotumia, na nyingine kapewa na tajiri kwa siri.

Wakuu, kama hamjawahi kuona watu wakigeuka, njooni kijijini.

Vijana waliokuwa wanagombania fulana zake, sasa wanafutia bodaboda. Wengine wakasimama upande wake, kwamba kaonewa, kwamba kwani yeye ndiye wa kwanza, hao wengine walipita kwa sala? Baa ya senta ikagawanyika pande mbili kama harusi. Mzee mmoja aliyeshiba pilau kuliko wote akasema yeye tangu mwanzo aliona chumvi imezidi.

Mimi sikubishana na mtu. Nilikuwa namwangalia mwenzangu.

Zamani Mama Dastani akifika kwenye kioski cha maji, ndoo yake inapelekwa mbele. "Pita mama wa mheshimiwa, pita." Sasa anafika, watu wanaangalia ndoo zao kana kwamba zimeota miguu. Anasimama nyuma kabisa. Sikumwona akilalamika.

Halafu tukafanya kosa. Nasema tukafanya, kwa sababu kikao nilikuwemo.

Akina mama wa kanisa tulikaa tukasema jamani, jina hili la Dastani limekuwa mwiba, kila tukimwita tunamchoma mwenzetu. Ana mtoto wa pili, Hilda, binti hana neno na mtu. Tumwite Mama Hilda, apumue.

Ilikuwa huruma, wakuu. Naapa ilikuwa huruma.

Jumapili tunatoka ibadani, mmoja akamwita kwa upole, "Mama Hilda, twende pamoja."

Akaangalia nyuma kama kuna mtu mwingine anaitwa. Mwingine naye, "Mama Hilda." Na mimi mdomo wangu ukafunguka, nikasema "Mama Hilda, mwenzangu, ngoja."

Akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile na mtu ninayempenda.

Akaondoka peke yake. Kesho yake tukasikia kapanda gari, karudi Newala kwa kaka zake, mlango kaufunga kwa kamba.

Nyumba yenye mwenyewe kufungwa kwa kamba, huku kwetu, ni kama msiba.

Hazikupita siku nyingi nikaletewa wito mimi. Nikatoe ushahidi Masasi mahakamani kuhusu ile salfa. Nani alinitaja sijui.

Sasa ndiyo ikaanza. Anakuja mmoja: "Bibi, ukisema ukweli utakuwa umemzika mtoto wa mwenzio." Anakuja mwingine: "Bibi, usiposema utaonekana na wewe mla rushwa." Kijana mmoja wa upande wa Dastani akaja na shikamoo ndefu, kakaa, nikampa uji, akasema eti wazee husahau, siyo dhambi. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, nasahau nilikoweka kijiko. Mtu aliyesema mbele ya pua yangu simsahau." Akaondoka, hakumaliza hata uji.

Lakini nilipobaki peke yangu mashaka yalinishika. Kesi haikuwa yangu. Mwenzangu ndiye aliyekuwa wangu. Nikisimama pale nikasema, nitarudi kwa nani? Nani atanizika?

Nikaona dawa ni moja. Nikapanda gari la Newala, tukapanda ule mlima na kona zake, nikaenda kumwambia mwenyewe kabla hajaambiwa na watu.

Nilimkuta anachambua ming'oko kwenye ungo, vile viazi vyembamba vya porini. Hakuinuka. Nikakaa chini, nikaanza kusaidia kuchambua.

Nikasema, "Nimeitwa Masasi kusema habari za salfa."

Akasema, "Nimesikia."

"Nifanyeje?"

"Unamuuliza nani?" akasema. "Unamuuliza Mama Hilda au unamuuliza Mama Dastani?"

Wakuu, nilishika ule mng'oko nikashindwa kuuweka chini.

Akaendelea, na alipopandisha hasira Kimakonde kikamtoka. "Nangu!" Yaani mimi. "Nangu nilipiga kelele usiku mzima nikimzaa Dastani, Hilda nilimzaa kama ninayepiga chafya. Jina hili nililipata kwa uchungu. Alipokuwa mheshimiwa mliliimba. Leo amechafuka mnanivua kama nguo ya kuazima? Mtoto akijinyea mgongoni, mama anabadilisha mgongo?"

Nikamwambia nisamehe. Nikamwita kwa jina lake, Mama Dastani. Nikarudia.

Akachambua ming'oko miwili mitatu. Halafu akasema, "Nenda kaseme. Useme ulichosikia, usipunguze, usiongeze. Mimi nilimfundisha huyo mtoto kusema kweli, akaacha. Ukienda wewe kusema uongo kwa ajili yangu, nitakuwa sina mtoto na sina mwenzangu. Nitabaki na nani?"

Akaniwekea ming'oko kwenye kitambaa. Tukalia kidogo, siyo sana, sisi siyo watu wa kulia sana.

Siku ya kesi nilisimama nikasema. Ukumbi umejaa mpaka dirishani. Wakili wa Dastani aliniuliza kama mafuta ya maharage hayakunivuruga kichwa, nikamwambia baba, maharage nilikuwa naunga kwa nazi. Watu wakacheka, hakimu akawanyamazisha. Dastani alikuwa anaangalia viatu vyake.

Na nyuma yake, benchi la kwanza, kakaa mama yake. Kashuka kutoka Newala asubuhi. Hakuwa upande wangu, alikuwa upande wa mtoto wake, na ndipo panapomfaa.

Nje ndipo paliponitisha. Waliokuwa wanamtetea Dastani wakanizunguka pale getini. "Bibi msaliti! Umemuuza mtoto wetu!" Waliokuwa wanamlaani nao wakanishangilia, na kusema kweli hao ndio walinikera zaidi, maana walikuwa wanazomea wakati mama yake anatoka.

Basi akapita katikati yao wote, kitenge kakifunga kiunoni, akaja akanishika mkono.

"Mtoto wenu?" akawaambia. "Tangu lini? Mlimnyonyesha kwa zamu?"



Akawageukia wanaozomea. "Na nyie, pilau yangu mmeshaitapika, au bado imo tumboni mnazomea nayo?"

Mtu akacheka, akakatiza kicheko.

"Mimi ndiye Mama Dastani," akasema kwa sauti ya kuitia watu shambani. "Na huyu kasema nilichomtuma. Atakayemgusa aanze na mimi."

Wakatupisha njia. Tukaenda kukaa karibu na stendi, chini ya ule mlima wa mawe wa Masasi, tukala ming'oko mikavu bila hata chai. Kisha tukapanda gari moja kurudi Lulindi, akaifungua ile kamba mlangoni kwake.

Kesi haijaisha. Ana hatia au hana, atasema hakimu. Mama yake kila tarehe ya kesi anakwenda, na chakula anambebea. Na akirudi tunakwenda wote kuchota maji. Bado wapo wanaogeuza nyuso. Mimi nikifika kwenye kioski naita kwa nguvu kutoka mbali, "Mama Dastani, leta ndoo!" Asiyetaka kusikia azibe masikio.

Nilichojifunza, nawaambia bila kupamba. Mlaumuni mwanasiasa kwa alichofanya, tena msimhurumie, dawa ya maua yetu aliifanya chambo. Lakini msile kwake akipanda mkamtemee mate mama yake akishuka. Na nyie wenye huruma kama sisi, angalieni huruma isije ikamvua mtu jina lake.

Yeye aliniruhusu kusema kweli iliyomuumiza yeye kuliko mtu yeyote. Namshukuru Mungu kwa mtu huyo. Namshukuru na yeye, nimemwambia mdomoni, akaniambia acha maneno, shika ndoo.

Haya, sasa na nyie semeni. Kwenu mtoto akichafuka, mama yake mnamwitaje? Na wewe uliyeandika mambo ya tunda na mti, sijakusahau. Rudi hapa umwamkie Mama Dastani. Nimekaa naye, nitamsomea.